Bunduki Iliyotafutiwa Babu

"Nimekuuliza, umekwangua nini hapa?"

"Nimekwangua kutu."

"Hiyo si kutu, mama Hannah! Wallahi si kutu! Hayo ni madoa yake ya kuzaliwa!"

Garama alikuwa ameukumbatia mtutu wa bunduki kifuani kama mzazi aliyemkuta mwanawe akinyolewa na jirani bila ruhusa. Everlyn alisimama mbele yake, msasa mkononi, uso mkavu. Ugomvi huu ulianza kabla ya chai. Watu wawili walikuwa wamekuja na baiskeli zenye pancha, wakasimama mlangoni wakasikiliza, kisha wakaona ni heri wakokote baiskeli zao hadi Ukunda.

Bunduki yenyewe ilikuwa mezani vipande vipande, ndani ya kibanda cha Garama cha kuchomelea vyuma pale Bongwe. Ilikuwa bunduki kuukuu ya marisau, ya mitutu miwili iliyolala sambamba, na nyundo mbili zimesimama juu yake kama masikio ya paa. Mitutu ilikuwa na michirizi ya kijivu na kahawia iliyojipinda kuanzia nyuma hadi mdomoni. Everlyn aliiona michirizi ile, akasema moyoni ni uchafu, akaufanyia uchafu kile ambacho mwanamke yeyote mwenye msasa angeufanyia.

"Sikiliza," Garama alisema, akijaribu kupumua polepole. "Chuma hiki kimesukwa. Yule fundi wa bunduki wa Mombasa alinionyesha. Mafundi wa kale walichukua chuma laini na chuma kigumu, wakavisokota pamoja kama ukili wa mkeka, wakavizungusha, wakavigonga vikashikana vikawa mtutu. Haya ndiyo maua yake. Wewe umefuta maua ya watu, upana wa kiganja kizima!"

"Garama, mteja hanunui chuma. Mteja ananunua babu. Na babu shujaa hawezi kuacha bunduki yenye ukurutu."

"Basi sasa babu ameacha bunduki yenye kipara!"

Everlyn alikitazama kipara. Kilikuwa kimeng'aa kweli, katikati ya mtutu wa kulia. Akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Waliomjua walijua kwamba Everlyn akiinamisha kichwa namna hiyo, mtu fulani, mahali fulani, anakaribia kupata hasara.

"Hapo," alisema, "ndipo chui alipoparura."

Garama alifumba macho kama mtu aliyesikia habari za msiba. Lakini hakubisha, na ugomvi ukaishia hapo.

Ni haki tuseme neno kuhusu Everlyn kabla watu hawajamhukumu. Hakuwa mwizi. Alizaliwa Shimba Hills kwa walowezi wa Kikamba, akakulia miongoni mwa Wadigo, akafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Diani mpaka vurugu za mwaka wa tisini na saba zilipowafukuza wageni na hoteli ikafungwa. Alitoka pale na sketi mbili za kazi, mwavuli mkubwa wa pwani ambao hakuna aliyeuulizia, na ulimi. Ulimi ndio uliokuwa ukimlisha. Aliwahi kumuuzia mwenye baa mmoja wa Ukunda kengele ya wezi isiyolia, akimweleza kwamba kengele bora ni ile ambayo haijawahi kupata sababu ya kulia. Mwenye baa anaisifu mpaka leo.

Shida yake ilikuwa moja, nayo ilikuwa juu ya kichwa chake. Mvua za El Nino zilikuwa zimeyala makuti ya nyumba yake yakabaki mifupa. Yeye na binti yake Hannah walikuwa wakilala chini ya ule mwavuli wa hoteli, uliofungwa kwenye nguzo ya kitanda, na Hannah alikuwa akikohoa usiku kama pikipiki inayokataa kuwaka. Masika yalikuwa mlangoni. Everlyn alihitaji mabati, na hakutaka ahadi wala pole za majirani. Mabati.

Alikwenda Msambweni kuuliza bei katika duka la vifaa vya ujenzi la Kibwana Boga. Kibwana alikuwa mtu mnene, mwenye kofia safi na mlima wa mabati nyuma ya duka. Alikuwa pia na ugonjwa mmoja: mtu akija kuuliza misumari, atapewa kwanza habari za babu. Kwamba Babu Boga, baba mzaa baba yake, ndiye aliyemuua chui aliyewatesa watu wa Kinondo zamani za Waingereza. Kwamba alimuua kwa risasi moja. Kwamba watu hawathamini mashujaa wao.

"Na bunduki iko wapi, Bwana Kibwana?" mteja mmoja aliuliza siku ile, akiwakonyeza wenzake.

"Ilipotea."

"Na ngozi ya chui?"

"Ililiwa na mchwa."

"Na kaburi la chui?" Duka zima likaangua kicheko, na Kibwana akapima misumari kwa hasira.

Everlyn hakucheka. Aliinamisha kichwa. Wiki ileile Garama alikuwa amenunua vyuma chakavu kwenye nyumba ya zamani ya msimamizi wa shamba la nazi kule Galu iliyokuwa ikibomolewa, na ndani ya dari, kwenye gunia lililooza, akakuta bunduki. Mtu mwenye akili timamu angeipeleka kituoni mbio, kwa sababu tangu vurugu zile polisi walikuwa wakimtilia shaka hata mwenye panga la mpini mrefu. Garama alikuwa ameshavaa shati la kwendea kituoni Everlyn alipomshika mkono.

"Kibwana ana hadithi isiyo na bunduki," alimwambia. "Wewe una bunduki isiyo na hadithi. Ni dhambi kuwaacha wakae mbalimbali."

Ili kuwatendea haki, walianza kwa uchunguzi wa kweli. Garama aliifungua bunduki, akaing'oa ile misumari midogo inayogonga risasi ili isimuue mtu, akaipeleka mitutu Mombasa ikiwa imefungwa kwenye mkeka. Fundi mzee wa huko aliipindua, akasoma alama ndogo zilizogongwa chini, akasema imetengenezwa Uingereza, umri wake ni wa bibi kizee, na ilikuwa bunduki ya mkulima, ya bei ya jembe. Everlyn naye alimtafuta mpishi wa zamani wa yule msimamizi, akampata Galu akisuka makuti.

"Naikumbuka," mpishi alisema. "Ilikuwa ya kufukuza ngedere minazini."

"Iliua wangapi?"

"Ngedere? Hata mmoja. Ngedere walikuwa wakikaa juu wakimtazama bwana mpaka achoke."

Everlyn alimshukuru sana. Ilikuwa historia ya kweli, safi, yenye shahidi hai, na haikufaa kuuzwa hata kwa kichaa.

Basi Garama akafanya kazi yake na Everlyn akafanya yake. Garama aliloweka skrubu kwenye mafuta ya taa, akasugua kitako kwa mafuta ya mbao mpaka mti wenyewe ukaonekana, mwekundu kama chai ya rangi, akapitisha kitambaa ndani ya mitutu mara zisizo na idadi. Alianza kuchelewa kula. Alianza kuiita bunduki "huyu". Everlyn akiwa kando alimsuka Babu Boga. Alimpa kimo, akampa ndevu, akampa maneno machache ya kusema mbele ya chui.

Alipokuwa tayari alirudi Msambweni.

"Shikamoo, Bwana Kibwana."

"Marahaba. Bei haijashuka."

"Sikuja kwa bei. Nimekuja kukuuliza jambo, na kama halikuhusu unisamehe. Kuna bunduki imepatikana Galu. Nimeulizauliza historia yake, na kila ninapouliza naambiwa jina moja. Wewe unamjua mtu aitwaye Boga?"

Kibwana aliiweka mizani chini.

"Mrefu," Everlyn alisema polepole. "Ndevu. Mtu wa Kinondo."

"Astaghfirullahi," Kibwana alinong'ona. "Ndevu ndiyo!" Babu yake alikuwa amekufa kabla Kibwana hajazaliwa, lakini ndevu alizikumbuka pale pale.

Everlyn alimweleza yote. Mzungu wa shamba alishindwa na chui, akamkabidhi Babu Boga bunduki. Chui akaruka, akaparura mtutu, Babu Boga akafyatua. Mzungu akaona wivu, akampora bunduki ile, akaificha darini ili sifa zisivuje.

"Sifa zangu," Kibwana alisema, machozi yakimlenga. "Ziko darini miaka yote hii!"

"Babu yako alikuwa na dada?"

"Alikuwa naye. Kwa nini?"

"Nilisikia kwamba dada yake ndiye aliyemshikia risasi," alisema Everlyn, ambaye hakusikia jambo kama hilo popote. Aliliongeza kwa sababu hadithi isiyo na mwanamke haiwalizi wanawake. Hilo ndilo kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu wa asili ya bara, hata kama amekulia pwani. Kwao dada ni ua la kupambia hadithi. Kwa Wadigo dada ni mlango ambao mali ya mtu hupitia.

Walikubaliana. Kibwana atoe mabati ya nyumba nzima, na misumari yake, na mbao za kenchi za paa. Everlyn alete bunduki. "Lakini kimyakimya, Bwana Kibwana. Mimi na wewe na fundi wangu."

"Kimyakimya kabisa," alisema Kibwana, akaenda akaalika mtaa mzima.

Everlyn alipofika Jumamosi alasiri na Garama, alikuta sufuria nne za pilau, viti vya kukodi, na watu mpaka barabarani. Pikapu ya duka ilikuwa langoni, mabati yamefungwa kamba juu yake, yakimeremeta kama ahadi. Kwenye kiti cha mbele, sahani ikiwa imemjaa mapajani, alikuwa amekaa naibu chifu, Bwana Sefu.

"Nani amemwita yule?" Garama aliuliza, akirudi nyuma hatua moja.

"Simama wima," Everlyn alimwambia kwa meno. "Ukikimbia utaonekana mwizi. Umetoa ile misumari?"

"Nimeitoa."

"Basi huyu si bunduki. Ni pambo. Twende."

Akahadithia. Na hata wale waliomchukia Everlyn baadaye walikubali kwamba alihadithia. Alimfanya chui angurume, akamfanya Mzungu apande juu ya meza, na alipofika kwa dada aliyeshika risasi kwenye upindo wa leso, akimwambia chui "mle mimi kwanza, umwache kaka yangu," wanawake walipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka uani. Garama alifunua kanga, bunduki ikatoka ikiwa imeng'aa kwa mafuta. Kibwana alikibusu kile kipara. Wale wateja waliokuwa wakimcheka dukani walikuwa wametulia kama watoto wa madrasa.

Ndipo Bi Esha akasimama. Alikuwa binamu yake Kibwana, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kukata kuni.

"Ahsante, mwanangu," alimwambia Everlyn. "Leo umetufumbua macho. Haya, nipe."

"Nikupe nini, bibi?"

"Bunduki ya mjomba wa mama yangu. Huyo dada uliyemtaja ndiye bibi yangu. Mali ya mjomba ni ya wapwa, na kukeni, upande wa mama, nimebaki mimi."

Wazee watatu walitikisa vichwa kwa pamoja. Kibwana alicheka kicheko kisichokuwa na meno ndani yake.

"Dada Esha, mambo ya kale hayo. Sisi ni Waislamu. Mirathi ni kwa sharia. Babu kwa baba, baba kwangu."

"Lo! Leo unaijua sharia? Minazi ya Babu Boga iligawiwa kwa ada zetu za kale, kila mtu hapa anajua, na baba yako hakupata hata kifuu. Bunduki ingekuwapo ingefuata minazi. Si ndiyo, wazee?"

"Ndiyo," walisema wazee, wakiwa na pilau mdomoni.

Everlyn aliona mabati yake yakianza kusogea mbali kama meli. Aligeuka haraka. "Bi Esha, basi kwa kuwa wewe ndiye mwenyewe, kazi ya fundi na gharama za utafiti..."

"Mtu hanunui kilicho chake, mwanangu. Umesema mwenyewe kiliporwa. Aliyeshika mali iliyoporwa anaitwaje huko kwenu bara?"

Watu wakacheka. Kibwana alikuwa ameshafika langoni, uso umemvimba. "Na mimi sinunui mali ya kukeni! Teremsheni mabati!" Vijana wawili wa duka wakaanza kufungua kamba. Everlyn alisikia bati la juu likilia, na akasikia ndani ya sauti ile kikohozi cha Hannah.

Bwana Sefu alikuwa amemaliza kula. Alilamba vidole, akanawa, akapangusa mikono kwa utulivu wa mtu ambaye mshahara wake haucheleweshwi na maneno ya watu.

"Hadithi nimeisikia, na imenigusa," alisema. "Chakula pia. Sasa nataka kujua jambo moja tu. Baada ya mabishano yote haya, mwenye bunduki ni nani? Maana nataka kuona kibali chake cha kumiliki silaha."

Mahali fulani kijiko kilianguka.

"Ni pambo, bwana mkubwa," Garama alijaribu. "Haina misumari ya..."

"Bunduki ni bunduki. Wewe ndiye mwenyewe?"

"Mimi ni fundi wa baiskeli."

Bwana Sefu akamgeukia Kibwana. Kibwana alivua kofia, akaivaa tena.

"Bwana naibu," alisema, "ada ni ada. Huwezi kuizuia ada. Mali ya mjomba ni ya wapwa. Nimekuwa nikisema hivyo tangu mwanzo."

"Kibwana we!" Bi Esha aliruka. "Muogope Mungu! Sisi ni Waislamu! Mirathi ni kwa sharia! Babu kwa baba, baba kwako!"

"Minazi iligawiwa kwa ada, dada Esha!"

"Minazi ni miti! Bunduki ni chuma! Wazee, semeni!"

Wazee waliinama kwenye sahani zao, wakatafuta nyama kwa bidii.

"Isitoshe," Bi Esha alisema, akimgeukia naibu chifu, "bunduki gani? Bibi yangu mwenyewe alinihadithia. Babu Boga alikuwa mgema. Alikuwa akiogopa hata popo! Jioni hapandi mnazi, mpaka asindikizwe!"

Macho yote yakamwendea Kibwana. Hapa palikuwa na sifa zake zote, zilizotoka darini leo hii, zikisubiri neno lake moja. Kibwana alilitafuta. Aliitazama bunduki. Akamtazama Bwana Sefu.

"Kweli," alisema. "Aliogopa popo. Aliogopa sana."

Hakuna aliyecheka, na pengine hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Kwa hiyo si ya kuumeni wala ya kukeni," alisema Bwana Sefu. "Anabaki aliyeileta." Akamtazama Everlyn.

Everlyn hakuinamisha kichwa. Hapakuwa na nafasi ya kuinamisha. Aliichukua bunduki mikononi mwa Garama, ambaye ilibidi avutwe vidole kimoja kimoja, akaenda nayo moja kwa moja, akailaza mapajani mwa naibu chifu.

"Nimeileta mchana kweupe, mbele ya watu na mbele ya serikali, nikimtafuta mwenyewe," alisema. "Umeona kwa macho yako jinsi nilivyomtafuta. Mwenyewe hayuko. Kitu kisicho na mwenyewe ni cha serikali. Kipokee, Bwana Sefu, nami nakushukuru kwa kuja kukichukua."

Bwana Sefu aliipima kwa mikono. Alimtazama mwanamke yule kwa muda, kama mtu anayeonja mchuzi akijaribu kujua kuna nini ndani.

"Nimeipokea," alisema mwishowe. "Na yale mabati yanayoteremshwa pale langoni, yalikuwa ya nini?"

Everlyn alimwahi Kibwana kabla hajafungua kinywa. "Hata mimi nataka kusikia. Bwana Kibwana, yalikuwa malipo ya kitu? Kitu gani ulichokuwa unanunua leo? Mwambie Bwana Sefu."

Jasho lilitiririka kutoka chini ya ile kofia safi. Aliyekuwa akinunua bunduki alikuwa ni mtu wa kwenda kituoni. Na Kibwana, kama babu yake, hakupenda kupanda mahali asipoweza kushuka.

"Si malipo," alisema. "Ni... sadaka."

"Sadaka kwa nani?" aliuliza Bwana Sefu.

"Kwa... huyu mama. Nyumba yake inavuja."

"Masha Allah!" walisema wanawake wote, na Bi Esha alisema kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa kuwa mabati hayakuwa yake.

"Mungu akulipe, Bwana Kibwana," alisema Everlyn. "Na gari nalo ni sadaka?"

"La! Gari la!"

"Basi kesho litarudi. Nyie vijana, fungeni hiyo kamba vizuri. Sadaka haiteremshwi."

Garama alikuwa bado amesimama mbele ya naibu chifu, akimweleza jinsi ya kumpaka huyu mafuta, kidogokidogo, kwa kitambaa laini, kamwe asiwekwe penye unyevu. Everlyn alijua kwamba moyo wa Kibwana ulikuwa bado unahesabu, na kwamba mtu mwenye duka akipewa muda wa kuhesabu hupata jibu. Alimshika Garama ukosi wa shati, akamsukuma nyuma ya usukani. Yeye mwenyewe akapanda juu ya mabati, akaketi katikati kwa uzito wake wote, miguu mbele, mikono imeshika kamba.

"Washa," alisema.

"Bunduki yangu, mama Hannah."

"Washa gari, Garama!"

Akawasha.